Asili ya Neno Kariakoo na Njia ya Wapagazi wa Singida

Vitunguu vya Singida vina safari ndefu. Huvunwa, hutiwa magunia, hupandishwa lori, na baada ya kupita Manyoni, Dodoma na Morogoro hufika Dar es Salaam, ambako magunia hushushwa katika masoko ya Ilala na Kariakoo. Kuku wa Singida hufuata njia iyo hiyo, na mafuta ya alizeti kadhalika. Lori lirudipo bara huchukua nguo, vyombo, simu na vipuri, na mfanyabiashara akiulizwa alikovipata hujibu kwa neno moja: Kariakoo. Neno hilo hutamkwa kila siku na dereva, kuli, tajiri na mteja, wala hapana aonaye haja ya kuuliza ni la lugha gani na lilifikaje midomoni mwa watu.

Yafaa liulizwe. Kariakoo ni neno la Kiingereza lililovikwa nguo za Kiswahili, na maana yake ya kwanza ni kuchukua mizigo. Asili yake, ikifuatwa mpaka shinani, yafika kwenye gurudumu. Lakini historia yake katika Afrika Mashariki ni ya mizigo iliyochukuliwa kwa vichwa na mabega ya watu, na baadhi ya njia ngumu kabisa za watu hao zilipita katika nchi iitwayo leo Mkoa wa Singida. Neno lililozaliwa kwa ajili ya gari lilitwikwa mtu. Kisha mtu akasahauliwa, na jina likabaki kwa soko. Jambo hili ndilo lielezwalo hapa.

Jina Kariakoo latokana na maneno mawili, "Carrier Corps", yaani kikosi cha wachukuzi. Neno la kwanza ni jina la mtendaji litokanalo na kitenzi "carry". Kitenzi hicho kiliingia katika Kiingereza katika karne ya 14, kutoka Kifaransa cha kaskazini, lugha iliyoletwa Uingereza na mabwana walioishinda nchi hiyo mwaka 1066. Kifaransa nacho kilikirithi kutoka Kilatini cha nyakati za mwisho, ambamo "carricare" ilikuwa na maana ya kupakia gari. Mzizi wake ni nomino "carrus", gari la kukokotwa na wanyama. Wala Warumi hawakulibuni neno hilo wenyewe. Walilitwaa kwa Wagalia, watu wa jamii ya Kiselti waliokaa katika nchi iitwayo leo Ufaransa, nao walikuwa mafundi hodari wa magari. Basi kitu cha kwanza kilichomo ndani ya neno hili si bega wala kichwa, bali gurudumu. Mwingereza wa kale aliposema "carry" alikusudia kusafirisha kitu kwa gari. Baadaye maana ikapanuka hata ikaenea kila namna ya kuchukua, kwa mkono, kwa mgongo au kwa meli.

Neno la pili, "corps", ni la Kifaransa, nalo latokana na neno la Kilatini "corpus", maana yake mwili. Herufi zake mbili za mwisho huandikwa lakini hazitamkwi. Kiingereza kina pacha wa neno hilo, "corpse", maana yake maiti. Kikosi na maiti, katika lugha hiyo, ni matawi mawili ya shina moja. Ni bahati tu ya lugha. Lakini, kama itakavyoonekana, kuna miaka ambayo historia ya nchi hizi iliyakutanisha tena matawi hayo.

Wenyeji walipoyasikia maneno hayo mawili yakitamkwa kwa pamoja, sikio la Kiswahili lilifanya kazi yake ya desturi. Kiswahili hakipendi neno liishe kwa konsonanti. "R" ya mwisho, ambayo Waingereza wengi wenyewe huimeza, ikaanguka, na irabu ikavutwa. Hivyo likapatikana neno Kariakoo. Mjini Nairobi, ambako mtaa mmoja una jina hilo hilo, maandishi yameihifadhi ile "r", na jina huandikwa Kariokor.

Hapa ni vema kuondoa kosa moja. Huenda msomaji akadhani kwamba neno gari ni ndugu wa "carrus" kwa kuwa sauti zinakaribiana na maana ni moja. Sivyo. Gari lilikuja kwa njia ya bahari kutoka India, nalo ni neno la Kihindi. Ndugu wa kweli wa "carrus" katika Kiswahili wamejificha mahali pengine. Motokaa ni mmojawapo, maana sehemu yake ya pili ni "car" ya Kiingereza. Mwingine ni neno chaji, litumiwalo na kila mwenye simu: latokana na "charge", na "charge" ni "carricare" ile ile iliyopita katika Kifaransa cha mji wa Paris. Kijana wa Manyoni asemapo kwamba anachaji simu, kwa mujibu wa asili ya neno anapakia gari.

Katika Kiingereza cha leo "carrier" lina maana nyingi. Ni mtu achukuaye mzigo. Ni kampuni isafirishayo bidhaa au abiria. Ni meli kubwa ichukuayo ndege za vita. Ni kampuni ipelekayo mawasiliano ya simu. Tena ni mtu aliye na vijidudu vya maradhi mwilini bila ya yeye mwenyewe kuugua. Maana hizi zote zina tabia moja. Neno halijali kama mchukuzi ni mtu, chombo au shirika. Lajali tu kwamba kitu kimetoka hapa kimefika pale.

Kiswahili, kwa upande wake, kimekuwa na macho makali katika jambo hili. Mtoto huelekwa mgongoni na hupakatwa mapajani. Mzigo hubebwa, hutwikwa kichwani kwa msaada wa mwenzi, na mtu akijitwika peke yake hujulikana kuwa ana nguvu. Mwisho wa safari hutuliwa, na kwa kitenzi hicho hicho jua hutua, ndege hutua, na nafsi iliyohangaika hutua. Kutoka Kiarabu kimekuja kitenzi kuhimili, pamoja na jina hamali, mchukuzi wa mijini na bandarini. Na bara kulikuwa na kitenzi kupagaa, kuchukua mzigo begani, ambacho ndicho kilichozaa jina mpagazi. Kitenzi hicho hutumiwa pia kwa pepo: pepo humpagaa mtu, na mtu aliyepandwa hivyo husemwa kuwa amepagawa. Katika lugha hii, basi, kuchukua mzigo na kuchukuliwa na nguvu iliyo kubwa kuliko mtu ni mambo mawili yaliyo jirani.

Mpagazi wa karne ya 19 alikuwa mtu mwenye kazi inayojulikana na heshima yake. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Usagara na Ugogo, ikafika Unyanyembe karibu na Tabora, na kutoka huko Ujiji. Kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na nyika iliyoogopwa na kila msafara, iitwayo Mgunda Mkali. Kwa Kinyamwezi jina mgunda lina maana ya shamba. Lakini shamba hili halikuwa na mazao wala maji ya kutosha, na sehemu yake kubwa imo leo katika pande za Manyoni na Itigi, penye vichaka vizito vya miiba. Burton na Speke waliivuka mwaka 1857. Stanley aliivuka mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Mizigo yao, kama ya wafanyabiashara Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi waliowatangulia, ilikuwa kichwani na begani mwa wapagazi, kila mmoja akichukua frasila 2 hivi, yaani ratili 70.

Kazi hiyo ilikuwa na desturi zake. Kirangozi alitangulia mbele na bendera. Nguo zilifungwa kwa mfano wa mto mrefu mgumu, na kila robota lililofungwa hivyo liliitwa mtumba. Palipokosekana maji msafara uliondoka mchana, ukaenda mpaka usiku na kulala njiani pakavu, ili uyafikie maji siku ya pili asubuhi. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwamba mwendo huo uliitwa telekeza. Mpagazi alipatana ujira kabla ya kuondoka, alidai posho yake, na kama alidhulumiwa alitua mzigo njiani akaenda zake. Kwa vijana wa Kinyamwezi safari ya pwani ilikuwa shule ya uanaume, na aliyerudi alisikilizwa barazani. Mithali isemayo kwamba mzigo mzito apewe Mnyamwezi imetoka katika zama hizo. Ni mithali ya sifa, ingawa yafaa ikumbukwe kwamba aliyeitunga yaelekea hakuwa yeye mwenye kubeba.

Safari moja katika hizo iliacha njia ya kawaida na kuingia katikati ya Singida yenyewe. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, na alipovuka Ugogo hakuelekea Unyanyembe, bali alikata kaskazini kwenda Ziwa Viktoria. Mwezi Januari 1875 msafara ulikuwa katika nchi ya Wanyaturu, umechoka kwa mvua, njaa na maradhi. Huko, mahali alipopaandika kwa jina la Chiwyu, alikufa kijana wa Kiingereza Edward Pocock. Mbele kidogo, Vinyata, palizuka vita baina ya msafara na wenyeji, na kwa siku kadhaa watu wa pande zote mbili waliuawa. Na miongoni mwa mizigo iliyopita katika nchi hiyo palikuwa na mashua nzima, iitwayo Lady Alice, iliyokatwa vipande ili iweze kuchukuliwa mabegani. Wanyaturu waliona watu wakipita nchi kavu na mashua, wakienda kutafuta ziwa la kuitia.

Stanley alikuwa mkali, na wapagazi wake waliteseka sana. Hata hivyo, alipochapisha kitabu cha safari hiyo mwaka 1878 alitia ndani yake orodha za majina ya watu wake, waliokufa na waliofika mwisho. Jambo hili dogo ni la kuwekwa akilini, kwa kuwa litahitajiwa mbele.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini gurudumu, lililokuwa limezaa neno la Kiingereza, halikutumiwa katika njia hizo? Lilijaribiwa. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society alisafiri na ng'ombe kutoka pwani mpaka Mpwapwa, akaamini kwamba magari ya kukokotwa na ng'ombe yatawezekana. Mwaka 1877 wenzake walipoondoka na magari, ng'ombe walikufa njiani. Aliyewashinda alikuwa ndorobo, inzi mdogo aenezaye nagana. Palipo na ndorobo hapana ng'ombe wa kukokota, wala farasi, wala nyumbu. Na gari lisilo na mnyama ni mbao tu. Ndiyo sababu kichwa cha mtu kilikuwa gari la bara. Haikuwa kwa uchache wa akili za watu, kama wageni wengine walivyoandika, bali kwa hesabu ya nchi yenyewe.

Gurudumu lililoweza kupita ni la reli, kwa kuwa halikuhitaji mnyama. Wajerumani waliijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam; ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Ilipasua Mgunda Mkali ule ule ulioogopwa na wapagazi, na stesheni za Saranda, Manyoni na Itigi zikawa mahali pa kushuka abiria. Safari ya majuma ikawa ya saa. Ilionekana kwamba zama za mpagazi zimekwisha, na kwamba mzigo umerudi kwenye gurudumu, ambako neno "carry" lilikuwa limetoka.

Haikuwa hivyo. Mwezi Agosti 1914 vita ya Ulaya ilifika Afrika Mashariki, na katika mwezi huo huo Waingereza waliunda mjini Nairobi kikosi cha wachukuzi chini ya Oscar Watkins. Mwaka 1916 kiligeuzwa jina rasmi kikawa idara ya kazi za jeshi, lakini midomo ya watu haikulifuata jina jipya. Ilibaki na lile la kwanza. Majeshi yalisonga mbele kutoka Kilimanjaro na Kondoa. Dodoma ilichukuliwa tarehe 29 Julai 1916, na katika siku chache zilizofuata Kilimatinde na Singida zikaingia mikononi mwa Waingereza. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli. Farasi na nyumbu wa majeshi walikufa kwa maelfu, na motokaa zilizama katika matope ya masika. Gurudumu lilishindwa mara ya pili, na mzigo ukarudi kichwani.

Tofauti baina ya mpagazi wa kale na mchukuzi wa vita haikuwa katika mzigo. Mzigo wa vita ulikuwa mwepesi kidogo, ratili 50 au 60. Tofauti ilikuwa katika hiari. Mpagazi alipatana, mchukuzi wa vita aliandikwa, mara nyingi kwa nguvu, kwa amri iliyopitia kwa jumbe au mkubwa wa wilaya. Mpagazi aliijua njia, maji yake na chakula chake. Mchukuzi wa vita alipelekwa katika nchi asizozijua, toka uwanda mkavu wa kati mpaka mabonde ya mvua ya Rufiji, akapewa unga asiouzoea, mara nyingi bila ya muda wala kuni za kuupika ukaiva.

Hesabu ya kikosi hicho ilikuwa ya kutisha kwa asili yake. Mchukuzi wa ratili 50 za unga, akila ratili 2 kila siku, atakuwa ameumaliza mzigo wake wote katika siku 25. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, humfikia askari na ratili 10 tu. Kwa hiyo kadiri jeshi lilivyozidi kwenda mbali, ndivyo ilivyohitajiwa safu nyingine ya watu wa kuwalisha wachukuzi, na safu ya tatu ya kuilisha ile ya pili. Askari mmoja mbele alikuwa na mkia mrefu wa watu nyuma yake. Kwa sababu hii upande wa Waingereza peke yake uliwatumia wachukuzi wapatao milioni moja katika vita hiyo. Makadirio yatumiwayo sana husema kwamba waliokufa hawapungui 95,000. Wachache waliuawa kwa risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na uchovu. Upande wa Wajerumani nao uliwatumia watu vivyo hivyo, na kumbukumbu za wachukuzi wao ni chache zaidi.

Nchi ya Singida na jirani zake ililipa mara mbili, kwa watu na kwa chakula. Kila jeshi lililopita lilichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Mwaka 1917 kikosi cha Kijerumani kilichojitenga na jeshi kubwa, kilichoongozwa kwanza na Wintgens na kisha na Naumann, kilipita pande za Mkalama, kikiishi kwa chakula na nguvu za wenyeji, mpaka kiliposalimu amri mwezi Oktoba mwaka huo. Mvua nazo zikakosekana. Katika Ugogo, pamoja na sehemu za Manyoni, njaa ya miaka ya 1917 mpaka 1920 iliitwa Mtunya, yaani kunyang'anyana. Yakadiriwa kwamba katika watu 150,000 wa Ugogo walikufa 30,000. Nyumba iliyompeleka mwanawe kuchukua unga wa jeshi ilikufa kwa kukosa unga. Hapo ndipo "corps" na "corpse" yalipokutana.

Sasa yaweza kuelezwa jinsi neno lilivyogeuka mahali. Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916 walikuta jengo la soko lililojengwa na Wajerumani katika sehemu ya mji waliyoitenga kwa ajili ya Waafrika. Jeshi la wachukuzi liliwekwa hapo. Watu wakapaita kwa jina la waliokaa hapo, na vita ilipokwisha jina likabaki. Jengo likawa soko, na mtaa mzima ukaitwa kwa jina hilo. Soko jipya, mchoro wa msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Nalo likaungua moto mwezi Julai 2021, hata ikabidi litengenezwe upya. Katika mabadiliko hayo yote jina halikubadilika.

Sarufi ya neno hilo yasema jambo ambalo historia ililinyamazia. Mpagazi yumo katika ngeli ya watu: mpagazi huyu, wapagazi hawa. Kariakoo halikudumu katika ngeli hiyo. Husemwa kwamba Kariakoo pana watu wengi, na Kariakoo kuna bidhaa rahisi. Lakini hakuna asemaye kwamba kariakoo mmoja alikufa. Neno lilipoingia katika lugha lilikuwa na watu ndani yake. Lilipotulia, watu walikuwa wametoka, na pamebaki mahali. Kiingereza kilikuwa kimemwita mtu kwa neno la gari. Kiswahili, pasipo kukusudia, kikamsahau ndani ya jina la mtaa.

Kumbukumbu za mawe hazikufanya vizuri zaidi. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, yaonyesha askari mwenye bunduki na singe. Maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yawataja wachukuzi pamoja na askari. Lakini atazamaye sanamu haoni mzigo wowote. Sanamu ya Nairobi, ya mwaka 1928, ilimtia mchukuzi miongoni mwa watu watatu wake. Hakuna jina la mtu katika hizo zote mbili. Mishahara ya wengi waliokufa haikuchukuliwa na mtu, kwa kuwa jamaa zao hawakupatikana au hawakutafutwa. Mwaka 2021 halmashauri maalumu ya shirika la makaburi ya vita la Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Hapa orodha za Stanley zarudi akilini. Msafiri mmoja mkali, katika mwaka 1878, aliweza kuyaandika majina ya watu wake; dola kubwa, yenye makarani na mashine za kupigia chapa, haikuyaandika ya kwake.

Si haki kusema kwamba kazi imepita wakati wake. Wachukuzi wenyewe hawapo tena, na watoto wao ni wachache walio hai. Lakini wajukuu na vitukuu wapo Kilimatinde, Mkalama, Itigi na Singida mjini. Katika nyumba nyingi za bara hujulikana kwamba babu fulani alikwenda vitani akachukua mizigo, na kwamba alirudi, au hakurudi. Maneno ya namna hiyo huishi vizazi vitatu au vinne, kisha hufa kimya. Mwalimu wa shule awezaye kumpa mwanafunzi daftari na kumtuma kwa bibi yake aweza kuokoa jina moja. Majina mia moja yaliyokusanywa katika wilaya moja yangekuwa kumbukumbu iliyo bora kuliko sanamu, kwa kuwa yangelirudisha neno Kariakoo katika ngeli yake ya haki.

Wakati huo, maneno ya wapagazi yanaendelea na biashara yake bila ya kujulikana. Mfanyabiashara wa Singida aendaye Dar es Salaam kununua nguo kuukuu hununua mitumba. Asema kwa ulimi wa wapagazi wa Mgunda Mkali, waliofunga nguo mpya kwa jina hilo hilo. Aununua mtumba wake Kariakoo, na hivyo maneno mawili ya uchukuzi, la karne ya 19 na la mwaka 1914, hukutana katika risiti moja. Telekeza, ule mwendo mgumu wa kutafuta maji, leo ni sauti ya neno lenye maana ya kumwacha mtu bila ya matunzo. Na magunia ya vitunguu yanaposhushwa kutoka katika lori, huja kijana na mkokoteni wa magurudumu mawili, akayapanga juu yake, akainama, akasukuma. Gari la Wagalia lilikuwa la namna hiyo, ila lilikokotwa na mnyama. Baada ya safari ya miaka elfu mbili neno limefika tena kwenye gurudumu. Lakini nguvu bado ni ya mtu.

Wahenga wamesema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walioitunga mithali hiyo hawakumaanisha kwamba mzigo wa mwenzio ni mwepesi. Walimaanisha kwamba ndivyo uonekanavyo kwa asiyeubeba.